Interleukini-2 na Seli Zinazoituliza Kinga

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, wanafunzi wa tiba na wa maabara, na ninyi wageni mliokuta mlango wazi mkaingia: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa nieleze jinsi protini za mawasiliano ya kinga zinavyoathiri seli T dhibiti. Seli T ni aina ya seli nyeupe za damu; nyingi hupambana, na hizi dhibiti huzituliza nyingine zisiushambulie mwili wenyewe. Protini hizo ni nyingi, na nyingi zimepewa majina ya namba tu. Nikianza kuziorodhesha, mtasinzia kabla sijafika ya kumi. Kwa hiyo nitakaa zaidi na moja, interleukini-2, na nyingine nitazigusa nikipita. Nimeichagua hii kwa sababu imewaumbua wataalamu kuliko zote, na kwa sababu anayeielewa huacha kuuliza lile swali ninaloulizwa hata kwenye daladala: "Daktari, hiki kinapandisha kinga au kinashusha?"

Tuweke msingi haraka. Seli moja ya kinga ikitaka kuiathiri nyingine hutoa nje protini ndogo. Protini hiyo huelea hadi ikutane na seli yenye kipokezi chake, inanasa hapo, na ndani ya seli ile baadhi ya jeni zinawashwa na nyingine zinazimwa. Hizo ndizo saitokini, na interleukini ni ukoo mmoja miongoni mwao. Seli isiyo na kipokezi haiambiwi kitu, hata ukiizamisha ndani ya hiyo protini usiku kucha. Naomba mlishike hilo, maana karibu kila nitakachosema kinatokana nalo.

Mwaka 1976, Morgan, Ruscetti na Gallo kule Marekani walionyesha kwamba majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye seli za damu zilizochokozwa yana kitu kinachoziwezesha seli T za binadamu kuendelea kukua maabara kwa muda mrefu. Kitu hicho ndicho interleukini-2. Mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake nchini Japani wakaipata jeni yake. Picha ikaonekana kamili: hii ndiyo protini inayozikuza seli T, seli T ndizo zinazopambana, basi yenye kuongezwa ni hii. Mantiki safi kabisa. Tatizo lilikuja na panya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani walitengeneza panya wasio na jeni ya interleukini-2. Mtu yeyote angetarajia panya dhaifu, anayeangushwa na kila mdudu. Ripoti ya mwaka 1993 ikasema mengine. Panya walikua kama kawaida kwa wiki chache za mwanzo. Kati ya wiki ya 4 na ya 9 karibu nusu yao wakafa, na waliobaki, wote bila kubakiza hata mmoja, wakapata vidonda vya utumbo mpana vinavyofanana sana na vile vya binadamu. Kinga yao haikuwa imelala. Ilikuwa imewageukia wenyewe. Mwaka 1995 wengine wakaondoa sehemu ya kipokezi cha protini hiyo iitwayo CD25, na hadithi ikawa ile ile: tezi za kinga zimevimba, seli T zimejaa kupita kiasi, mwili unajishambulia.

Sasa fikirieni mko kwenye maabara hiyo. Umeondoa chakula cha seli T, na seli T zimeongezeka. Kuna nini hapo katikati?

Jibu lilikuwa likiiva Japani kwa miaka mingi, na wengi hawakutaka kulisikia. Mwaka 1969 Nishizuka na Sakakura walikuwa wameona kwamba panya jike akitolewa tezi ya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, ovari zake huharibika. Thaimasi ndiyo inayolea seli T, kwa hiyo kuitoa kungepaswa kupunguza mashambulizi, si kuyazua. Shimon Sakaguchi aliling'ang'ania fumbo hilo. Wakati huo kutamka tu kwamba kuna seli T zinazokandamiza kinga kulikuwa kujitafutia kicheko mikutanoni, maana utafiti wa aina hiyo ulikuwa umeharibikiwa sifa. Mwaka 1995 akatoka na alama: seli T chache, karibu 1 katika kila 10 ya zile zenye CD4, alama iliyo juu ya kundi moja kubwa la seli T, hubeba CD25 kwa wingi hata pasipo ugonjwa wowote. Alipoziondoa hizo na kuwapa zilizobaki panya wasio na seli T zao wenyewe, panya wakapata magonjwa ya kinga kujishambulia, kwenye tezi ya shingo, tumboni, kwenye ovari. Aliporudisha zile chache, ugonjwa haukuja.

Na CD25 ni nini? Wanafunzi wa mwaka wa tatu naona mnatabasamu. Ni kile kipande cha kipokezi cha interleukini-2 nilichokitaja sasa hivi.

Kipande cha pili cha fumbo kilitoka kwa panya wa aina nyingine, waitwao scurfy, waliojitokeza miaka ya 1940 kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Madume yao yalikuwa na ngozi ya magamba, wengu na tezi zilizovimba, na yalikufa baada ya wiki chache tu. Ilichukua zaidi ya nusu karne kuipata jeni husika. Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakifanya kazi kwenye kampuni moja huko Bothell, jimbo la Washington, waliitangaza mwaka 2001: FOXP3, iliyoko kwenye kromosomu X. Mwaka huo huo ikabainika kwamba watoto wa kiume wenye hitilafu kwenye jeni hiyo hupata ugonjwa uitwao IPEX: kuhara kusikokoma, ukurutu, na kisukari ambacho mara nyingi huanza mtoto akiwa bado mchanga. Kufikia 2003 Sakaguchi na wengine walikuwa wameonyesha kwamba FOXP3 ndiyo inayoifanya seli T iwe dhibiti. Oktoba 2025 watatu hao, Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi, wakatangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Nobel tuiache hapo. Mimi kinachonivutia zaidi ni jambo moja ambalo FOXP3 hulifanya ndani ya seli: huizima jeni ya interleukini-2. Seli T dhibiti haiwezi kujitengenezea protini inayoihitaji ili iishi. Inategemea ile inayomwagwa na seli T shambulizi, yaani zile zile inazopaswa kuzituliza. Seli shambulizi zikichachamaa, interleukini-2 inaongezeka, dhibiti zinashiba na kuongezeka, zinatuliza. Mambo yakipoa, protini inapungua, na dhibiti nazo zinapungua. Panya wale wa 1993 walikufa kwa sababu hiyo: seli shambulizi zilikuwa na njia nyingine za kuishi, dhibiti hazikuwa nayo.

Tukitazame kipokezi chenyewe kwa karibu. Kina minyororo mitatu: alfa, ambayo ndiyo CD25, kisha beta na gama. Beta na gama peke yao zinatosha kuishika interleukini-2 na kupeleka ujumbe ndani, lakini zinaishika kwa ulegevu. Alfa ikiongezeka, mshiko unakuwa imara karibu mara 100. Seli T iliyotulia ina beta na gama kidogo, alfa haina. Seli T dhibiti ina yote matatu, saa zote. Mnajua bomba la mtaa siku maji yanapotoka kwa matone: anayejaza ni yule tu ambaye ndoo yake iko chini kabisa ya koki, wengine wanapanga foleni na vyombo vitupu; maji yakifunguka kwa nguvu, kila mtu anajaza na mengine yanamwagika. Ndivyo ilivyo hapa. Protini ikiwa kidogo, inazifikia dhibiti karibu peke yake. Ikiwa nyingi, kila seli yenye beta na gama inaamka, zikiwemo seli shambulizi na zile seli za asili za kuua.

Na dhibiti hainywi kwa kiu yake tu. Kwa kuimeza ile iliyopo, inawanyima majirani. Hiyo yenyewe ni mojawapo ya njia zake za kutuliza.

Protini ikishanasa, ndani ya seli kuna protini nyingine, STAT5, inayowashwa na kuingia kwenye kiini, ikakaa juu ya jeni ya FOXP3 na kusaidia isizimike. Kwa hiyo utambulisho wa seli hii si kitu ilichopewa siku moja kikabaki. Unatunzwa na ujumbe unaoendelea kuingia. Ukikatika kwa muda mrefu, FOXP3 inashuka.

Wale wa maabara watanielewa nikisema tunakutana na jambo hili kila tunapoweka mrija wa damu kwenye mashine ya kuchambua seli. Unazitia rangi seli kwa kingamwili zenye kung'aa, yaani protini ambazo kila moja hunasa kwenye alama yake tu, zinapita mbele ya mwanga wa leza moja moja, na kwenye skrini kila seli inakuwa nukta. Ukitafuta CD25 peke yake unadanganyika, kwa sababu hata seli shambulizi iliyochokozwa huipandisha kwa muda. Tangu 2006 tunaongeza alama ya pili, CD127, ambayo ni kipokezi cha interleukini-7. Seli T nyingi za kawaida huishi kwa kuitegemea hiyo. Dhibiti ina chache mno. Basi unachora boksi kwenye ile kona ambako CD25 iko juu na CD127 iko chini, na pale kwenye kona unaona kiwingu kidogo cha nukta kimejitenga. Tazameni tulivyoipata: tumeitambua seli kwa ujumbe unaoweza kuifikia na ujumbe inaoupuuza.

Tuje kwenye dawa. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha interleukini-2 kwa saratani ya figo iliyosambaa, na mwaka 1998 kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Dozi ilikuwa kubwa: yuniti 600,000 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa 8. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni yuniti milioni 42 kwa mkupuo mmoja. Mishipa midogo inaanza kuvuja, shinikizo la damu linaanguka, mgonjwa anahitaji uangalizi wa karibu mno. Wachache walipona kabisa, na kupona kwao kulidumu miaka. Sitaibeza dawa iliyofanya hivyo. Wengi hawakupata nafuu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba seli dhibiti nazo zilikuwa zinaongezeka, jambo ambalo hulitaki kwa mgonjwa wa saratani.

Halafu mwaka 2011, madaktari wa Boston wakachukua dawa hiyo hiyo wakaipeleka upande wa pili. Wagonjwa wao walikuwa wamepandikizwa seli za uboho kutoka kwa mtu mwingine, na kinga ya pandikizi ikawa inaushambulia mwili uliolipokea: ngozi inakakamaa, macho yanakauka, viungo havikunjuki. Waliwachoma yuniti milioni 1 hivi kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili kwa siku, kwa wiki 8. Ukipiga hesabu hapo, kwa mtu wa kawaida, dozi ya siku nzima ni yuniti kama milioni 2 badala ya milioni 42 kila saa 8. Kati ya wagonjwa 23 walioweza kupimwa matokeo, 12 walipata nafuu kubwa. Seli dhibiti ziliongezeka, shambulizi hazikutikisika. Mwaka huo huo Paris, wagonjwa 10 waliokuwa na uvimbe wa mishipa ya damu uliosababishwa na virusi vya homa ya ini C walipewa dozi ndogo, na 8 kati yao wakapata nafuu. Ni wagonjwa wachache, najua. Tangu hapo dozi ndogo imejaribiwa kwenye lupasi, ambao ni ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili, kisukari cha aina ya kwanza na mengineyo, na kampuni kadhaa zimeitengeneza upya protini yenyewe ili iipende zaidi ile alfa. Baadhi ya dawa hizo mpya zimeachwa njiani kwa kukosa manufaa. Kuongeza idadi ya seli dhibiti kwenye damu ni jambo moja. Zifike kwenye kiungo kinachoungua na zifanye kazi huko ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi wamekwama.

Nipitie nyingine, kwa kifupi kama nilivyoahidi. Kuna saitokini iitwayo TGF-beta. Seli T changa ikiipata pamoja na interleukini-2, inaweza kuwasha FOXP3 na kuwa dhibiti, hata kama haikuandaliwa hivyo kwenye thaimasi. Seli hiyo hiyo changa, TGF-beta hiyo hiyo, ukiongeza interleukini-6 inageuka kuwa aina iitwayo Th17, ambayo huchochea uvimbe na inahusika kwenye magonjwa ya kujishambulia. Hilo lilionyeshwa mwaka 2006. Vitabu vyetu vya kiada bado vina jedwali la safu mbili: saitokini za uchochezi kushoto, za utulivu kulia. Nalichukia lile jedwali. TGF-beta mtaiweka safu ipi? Na interleukini-2?

Minyoo haikusubiri vitabu. Kuna mnyoo wa utumbo wa panya, *Heligmosomoides polygyrus*, ambao mwaka 2017 watafiti, akiwemo Rick Maizels wa Glasgow, walionyesha kuwa unatoa protini inayonasa kwenye vipokezi vya TGF-beta vya mwenyeji wake. Ajabu ni kwamba protini hiyo kwa umbo haifanani kabisa na TGF-beta. Mnyoo umefika hapo kwa njia yake wenyewe. Ukiichanganya na seli T, za panya hata za binadamu, zinawasha FOXP3. Mnyoo unajitengenezea utulivu ndani ya nyumba ya watu.

Malaria nayo, ambayo hapa sote tumeugua. Mwaka 2005 iliripotiwa kwamba kwa watu waliojitolea kuambukizwa Uingereza, wale ambao TGF-beta na FOXP3 zao zilipanda zaidi ndio ambao vimelea viliongezeka kasi zaidi damuni. Lakini watoto wa Tororo, mashariki mwa Uganda, wanaoumwa na mbu usiku baada ya usiku, walipochunguzwa walikutwa na seli dhibiti pungufu damuni. Kwao, kazi ya kutuliza ilionekana kubebwa zaidi na seli T za aina nyingine, zinazotoa interferoni-gama na interleukini-10 kwa pamoja, za kuchochea na kutuliza kutoka mkono mmoja. Mtu mzima wa Uingereza anayekutana na malaria mara ya kwanza na mtoto wa Tororo si mwili mmoja. Matokeo ya huku hayawezi kunakiliwa kutoka kule, na hilo nawaambia ninyi vijana mnaotafuta mada za utafiti.

Sasa nieleze kisa cha London, maana bila hicho mtaondoka mkidhani mambo haya ni ya panya na chupa tu.

Machi 13, 2006, kwenye hospitali ya Northwick Park, vijana wanane wa kiume wenye afya njema walijitolea kujaribiwa dawa mpya, TGN1412, ya kampuni ya Kijerumani TeGenero. Ilikuwa kingamwili inayoshika CD28, kitufe kimojawapo cha kuziamsha seli T. Panya waliopewa dawa ya jinsi hiyo waliongezeka seli dhibiti, na magonjwa yao ya kujishambulia yalitulia. Kima walivumilia dozi kubwa mara 500 bila shida. Vijana sita wakapewa dawa, wawili wakapewa maji yasiyo na dawa. Kabla dakika 90 hazijaisha, wale sita walikuwa wanalalamika kichwa na mgongo, wanatapika, homa imepanda, shinikizo limeshuka. Saitokini zilikuwa zimefurika damuni zote kwa pamoja. Kufikia usiku walikuwa mahututi, mapafu na figo zinashindwa. Wote sita walinusurika; mmoja alipoteza vidole vya miguu na sehemu za vidole vya mikono. Kampuni ilifilisika mwaka huo huo.

Baadaye ilifahamika kwamba seli T za kumbukumbu za binadamu, zile zilizokwisha kukutana na magonjwa, zinabaki na CD28, ilhali za wale kima zilikuwa zimeipoteza. Dawa ilikuta kwa binadamu kundi kubwa la wasikilizaji ambalo kwa kima halikuwepo, na panya wa maabara, waliolelewa katika usafi uliopitiliza, hawakuwa nalo kwa wingi huo.

Sehemu inayosimuliwa mara chache ni iliyofuata. Kingamwili ile ilijaribiwa tena Urusi, kwa jina jingine, ikianza na dozi ndogo mara 1,000 kuliko ile ya London. Safari hii kilichopanda damuni ni interleukini-10, ile ya kutuliza. Dhoruba haikutokea.

Ndiyo maana nikiona kwenye simu matangazo ya unga wa "kuongeza kinga", nauliza: kuongeza seli ipi, kwa protini ipi, na kwa kiasi gani? Mwenye lupasi anayehudhuria kliniki hana upungufu wa kinga ya kuongezewa. Akiacha vidonge vyake akanywa unga huo kwa sababu jirani amemwambia, tutampokea wodini figo zikiwa zimeshaanza kuharibika. Wengine mlio hapa mna ndugu wa namna hiyo nyumbani. Mwambieni asiache dawa aliyoandikiwa kabla hajaongea na daktari wake, na huo unga aje nao kliniki tuusome pamoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nashukuru kwa kunisikiliza. Yule kijana aliyeinua mkono tangu nilipotaja minyoo, anza wewe.